Mawe ya Kujikunia

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na milango, majiko na wakwe wa kuwaonea haya, palikuwa na kijiji kwenye ubavu wa mlima. Kijiji chenyewe kiliitwa Mteremkoni, na mteremko ulikuwepo kweli kweli, si wa jina tu. Ukidondosha chungwa mlangoni kwako, unakwenda kuliulizia kwa jirani wa chini, naye anakujibu, "Limeshapita hapa. Kaulize bondeni."

Juu kabisa, penye upepo mzuri, walikaa wakubwa: Tembo, Kifaru na Mama Nyati. Chini yao, nyumba ya mwisho, walikaa Pimbi na mume wake na watoto wao. Mnamjua Pimbi? Kimnyama kidogo cha kahawia, kimeviringana, mkia hana wa kuutaja. Huyu wetu aliitwa Namkunda. Mume wake aliitwa Kiondo, na kazi kubwa ya Kiondo ilikuwa kulala juu ya jiwe na kuota jua. Akichoka kuota upande mmoja, anageuka.

Namkunda alikuwa na tatizo moja, nalo lilisimama nyuma ya nyumba yake. Lilikuwa genge la udongo mwekundu, refu kuliko paa. Zamani genge lile lilishikwa na miti. Lakini wale wakubwa walikuwa na mchezo wao. Kila jioni walishuka kujikuna kwenye miti ile. Tembo ana mti wake, Kifaru ana wake, Mama Nyati ana wake, na ilikuwa aibu kubwa kujikunia mti wa mwenzio. Kwaruu! Kwaruu! Kwaruu! Magome yanabanduka, mti unakauka, mti unaanguka, mwenyewe anahamia mwingine. Haya niambieni, miti ikiisha, udongo utashikwa na nani?

Masika yaliyopita tope liliingia jikoni kwa Namkunda bila kupiga hodi. Lilizima moto, likajaza vyungu, likambeba mtoto mchanga na mkeka wake mpaka mlangoni. Mtoto alicheka, akidhani anabembelezwa. Mama yake hakucheka. Alimkumbatia mtoto yule, hakumweka chini siku nzima.

Na sasa masika mengine yalikuwa njiani.

"Mume wangu," alisema Namkunda, "genge likishuka safari hii halitaishia jikoni. Litatufunika sote."

"Tuhamie kwa dada yangu," alisema Kiondo bila kufumbua macho.

"Wifi anayehesabu maharage kabla ya kuyachemsha? Asante sana."

"Basi tubaki," alisema Kiondo, akageuka upande wa pili.

Namkunda alijua dawa ni ukuta. Akakusanya vijiwe na udongo, akajenga ukuta mbele ya genge, umesimama wima, akaupiga lipu, ukapendeza hata majirani wakausifu. Ikaja mvua ya rasharasha, mvua ya kulowesha kanga tu. Maji yakajikusanya nyuma ya ukuta, yakatafuta pa kutokea, yakakosa. Ukuta ukaanza kutoa tumbo kama mlevi aliyeshiba. Kisha, pwaa! Wote chini.

Namkunda alikaa kwenye kifusi, mikono kichwani. "Kumbe!" alisema. "Kinachosukuma si udongo peke yake. Ni maji yaliyofungiwa. Na mimi niliyasimamishia kitu chembamba, wima, bila mlango. Ningekuwa mimi ni maji, ningekasirika pia."

Alihitaji mawe makubwa, ya mtoni. Lakini jiwe dogo kuliko yote kule mtoni lilikuwa zito kuliko ukoo mzima wa pimbi, pamoja na wale waliooa mbali.

Basi akaita msaragambo. Milimani kule desturi ni hiyo: mwenye kazi iliyomshinda anapiga baragumu, majirani wanakuja na majembe, wanafanya kazi pamoja, na kazi ikiisha wanakula. Ikiisha, nimesema! Namkunda alipika makande sufuria nzima. Wakubwa wakaja wakitweta kwa jua, wakakaa chini, wakapepea kwa masikio. Naye kwa huruma yake akafanya kosa ambalo hakuna mwenye kazi kijijini aliyewahi kulifanya. Akapakua kwanza.

Walikula! Tembo alikula, akakung'uta sufuria. Kifaru alikula, akalamba mwiko. Mama Nyati alikula, akauliza kama kuna ukoko.

"Haya, mjomba," Namkunda alimwambia Tembo kwa adabu. "Mawe yako kule mtoni."

"Mjomba wa nani?" Tembo aliuliza.

"Wangu. Wazee wanasema pimbi na tembo ni ukoo mmoja. Tazama meno yangu haya mawili ya mbele."

Tembo aliinama, akatazama, akacheka mpaka makande yakampalia. "Hayo ni meno? Nilidhani ni punje za mchele! Sikiliza, mama. Mtu akishiba halafu akabeba jiwe, anapasuka. Tutakuja siku nyingine."

"Lakini genge litashuka!"

"Litashukia kwako," alisema Kifaru akipiga mwayo. "Kwangu haliwezi kupanda."

Wakaondoka, mmoja mmoja, matumbo mbele. Namkunda akabaki na sufuria tupu. Aliumia, watoto. Aliumia kuliko siku ya tope, maana tope halikumcheka.

Wiki haikwisha, mti wa mwisho kwenye genge ukaanguka. Ulikuwa wa Mama Nyati. Alikuwa ameuegemea, macho amefumba, raha imemfika kooni, mara kaa-kaa-kaa, gubi! Mti chini, Mama Nyati juu ya mti.

Hapo ndipo kilio kilipoanza Mteremkoni. Wakubwa wale walijaa kupe mgongoni, nao mikono ya kufika mgongoni hawana. Tembo alijikunia nguzo ya nyumba yake mwenyewe. Kwaruu moja, nguzo ikapinda. Kwaruu mbili, paa likamvaa kichwani kama kofia. Kifaru alijikunia kichaka cha miiba, akashinda kutwa mkewe akimtoa miiba mmoja mmoja na kumtukana kwa kila mwiba. Mama Nyati alijikunia mlango, mlango ukang'oka na kunasa kwenye pembe zake, akaenda nao mpaka kisimani, wenzake wakimuuliza kama amehama.

Namkunda aliyaona yote hayo kutoka chini. Aliangalia mgongo wa Tembo. Akaangalia genge lake. Akaangalia mto kule bondeni, mawe yamejaa. Kisha akaanza kucheka peke yake, hi-hi-hi, mpaka Kiondo akafumbua jicho.

"Umepatwa na nini?"

"Shuka kwenye hilo jiwe," alisema Namkunda.

"Hili? Hili ni jiwe langu la jua!"

"Leo lina kazi. Shuka."

Wakalisukuma, mke anasukuma na mume analalamika, mpaka likaegemea genge. Jioni ilipofika, Namkunda akalipa jiwe mgongo, akaanza kujisugua huku akipaza sauti.

"Aaah! Oooh! Hapo! Jamani, hapo hapo! Uwii, nani kaleta raha duniani?"

Kule juu Kifaru akasimamisha masikio. Macho yake hayaoni mbali, lakini masikio hayo, yanasikia hata sisimizi akipiga chafya. Akashuka mbio, pu-pu-pu-pu, akafika na vumbi lake.

"Nani anauawa hapa?"

"Hakuna anayeuawa, Bwana Kifaru. Ninakunwa."

"Unakunwa na nani? Mume wako?"

"Yule? Yule hakuni hata kichwa chake. Ninakunwa na jiwe."

Kifaru alimeza mate. Ngozi yake ilikuwa inacheza yenyewe kwa muwasho. "Hebu sogea kidogo."

"Ala! Bwana Kifaru! Mtu mzima kama wewe, ujikunie jiwe la mwenzio? Watu wakisikia?"

Kifaru akaona haya, akarudi nyuma. Kisha akasema, "Basi nitaleta langu. Nitaliweka kwangu, juu."

"Liweke," alisema Namkunda. "Ila siku utakayolikandamiza na huo mwili wako, litaporomoka, na wewe nyuma yake, mpaka bondeni. Jiwe la kujikunia linataka kuegemea mlima. Mbele yake pawe tambarare, pa kukanyagia vizuri."

"Mahali kama hapo ni wapi?"

Namkunda akajifanya anafikiri. Kisha akajifunika mdomo kwa mikono miwili. "Hapana! Nimekwisha sema mengi. Nenda nyumbani kwako."

"Ni hapa!" Kifaru alinguruma. "Ni hapa uani kwako!"

"Bwana Kifaru, usinifanyie hivyo! Ua wenyewe mdogo! Mboga zangu! Watoto wangu wachezee wapi?"

"Kesho naleta jiwe langu," alisema Kifaru, "utake usitake!"

Namkunda akaangua kilio. Ua wote ukajaa kilio chake. Kifaru alipotokomea, akajifuta machozi na kumkonyeza mumewe.

Kesho yake asubuhi ilisikika gurr-gurr-gurr kutoka mtoni. Kifaru alikuwa analisukuma jiwe kwa pembe, jiwe kubwa kama nyumba ya kuku. Alilifikisha uani akitokwa jasho, akataka kulibwaga tu.

"Hapo juu ya udongo laini?" Namkunda aliuliza. "Sawa. Litazama upande, litapinda, utakuwa unakunwa bega moja tu mpaka uzeeni."

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi sisemi kitu. Ua si wangu tena."

"Sema, wewe mwanamke!"

"Chimba mtaro kwanza. Chimba mpaka pembe yako igonge udongo mgumu. Humo ndimo jiwe linakaa, kama jino ndani ya fizi. Halafu lilaze kidogo kuelekea mlimani. Usilisimamishe wima. Mimi nilishawahi kusimamisha kitu wima."

Kifaru alichimba kwa pembe, udongo ukiruka, tifu, tifu, tifu. Akaliingiza jiwe kwenye mtaro, akalilaza. Kisha akageuka, akaliegemea, akajisugua.

Kwaruu.

Macho yalimtoka. Kwaruu, kwaruu. Midomo ikamlegea. Alisema neno ambalo kifaru hasemi mbele za watu. Alisema, "Mama yangu!"

Na kila alipojisugua, jiwe lile lilikaza zaidi kwenye genge.

Sauti ya raha haifichiki. Tembo akaja kuchungulia, paa lake bado kichwani. "Nani kampa Kifaru jiwe?"

"Ni kosa langu, mjomba," Namkunda alisema kwa uchungu. "Lakini usijali. Kifaru anasema jiwe kubwa kuliko hilo hakuna mwenye nguvu za kulileta."

"Kasema hivyo?"

Kifaru hakuwa na habari, alikuwa amefumba macho.

Tembo hakuaga. Alishuka mtoni, akang'oa jiwe ambalo samaki waliozaliwa chini yake walibaki wameduwaa kwa mwanga. Akalileta. Akachimba mtaro wake, akaliingiza, akalilaza, akageuka kujikuna. Jiwe likamkuna magoti.

"Linakuna magoti, mjomba?" Namkunda aliuliza kwa upole. "Urefu huo nao ni mtihani. Ungeweka lingine juu yake, ungekuna ubavu. Ukiweka la tatu, bega."

Tembo akaleta la pili, akaleta la tatu. Namkunda alimwonyesha jinsi ya kuyarudisha nyuma kila tabaka, jiwe la juu likiwa ndani zaidi ya la chini. "Ili usije ukaumiza pembe zako," alisema. Kifaru alipofumbua macho na kuona ya mwenzake yamepanda hadi begani, alikwenda mtoni kimyakimya. Akarudi na jingine.

Mama Nyati alikuja wa mwisho. Huyu, watoto, alikuwa na akili zaidi kidogo kuliko wale mabwana. Alilaza jiwe lake katikati yao, lakini macho yake hayakutulia.

"Namkunda."

"Abee, mama."

"Kati ya jiwe langu na la Tembo umejaza vijiwe vidogo. Vya nini?"

"Mpaka. Asije akasema umejikunia kwake."

"Hiyo nimeikubali. Na hizi kokoto? Nimekuona tangu asubuhi, unamimina kokoto nyuma ya mawe, vikapu kwa vikapu."

"Jiwe likikaa kwenye udongo mbichi linaota kuvu, mama. Ukijisugua kuvu, muwasho unazidi. Kokoto zinapitisha maji, jiwe linabaki kavu."

Mama Nyati alitafuna. "Na haya matundu umeyaacha chini, kila hatua tundu?"

"Ya kupumulia."

"Jiwe linapumua?"

"Wewe ukikunwa vizuri, hupumui?"

Mama Nyati alitaka kuuliza jingine. Lakini kupe mmoja alimuuma katikati ya mgongo, mahali pale pabaya, akaona maswali yangoje. Akageuka. Kwaruu! Na swali lake likaishia hapo.

Ikawa hivyo kila jioni. Wakubwa wanashuka, wanajipanga, kwaruu, kwaruu, kwaruu, mawe yanashindiliwa mlimani. Namkunda anakaa kizingitini analalamika kwa sauti, "Jamani ua wangu! Jamani mboga zangu!" Kadiri alivyolalamika ndivyo wao walivyopaona mahali pale patamu. Wakaongeza mawe huku na huku, kila mmoja akitaka kumzidi mwenzake, mpaka genge lote likavaa mawe kutoka kona hii hadi kona ile. Namkunda alikuwa akiwapikia watoto wake uji, anachungulia dirishani, anauona ukuta, na moyo wake unaruka kwa furaha hata anasahau kukoroga.

Ikaja masika.

Ilianza mchana, tone moja, tone jingine, kisha mbingu ikafungua mlango wote. Shaaaa! Namkunda alitoka nje kwenye mvua hiyo hiyo, akasimama mbele ya ukuta. Genge lilinguruma ndani kwa ndani. Mawe hayakutikisika. Kisha kwenye yale matundu ya chini, maji yakaanza kuchungulia. Yakachuruzika. Yakatoka tiririri, mekundu mwanzoni, kisha masafi, yakapita kwenye mfereji kando ya nyumba, yakaenda zake mtoni bila kumgusa mtu.

"Kiondo!" alipiga kelele. "Kiondo, limesimama! Limesimama!"

Kiondo, ambaye hakuwahi kukimbia tangu aoe, alitoka mbio. Aliona, akarukaruka, akaanza kuimba kwa sauti yake mbaya:

"Mke wangu fundi, eee!
Kawajengesha wakubwa, eee!
Wanajikuna, wanajenga, eee!
Hawajui wanajenga, eee!"

"Nyamaza!" Namkunda alimwambia. "Nyamaza, mume wangu!"

Lakini wapi. Pembeni ya ukuta, Kifaru alikuwa amesimama na mvua yake, maana mvua nayo humwasha. Masikio yake yalikuwa yamesimama wima.

"Rudia huo wimbo," alisema Kifaru.

Kiondo alifunga mdomo, akaingia chini ya kikapu.

"Nimesema rudia! Wanajenga nini?" Kifaru alitazama ukuta. Alitazama matundu. Alitazama nyumba ndogo iliyokaa kavu mbele ya ukuta huo, mvuke wa uji ukitoka dirishani. Na kidogo kidogo, kama jua linapochomoza nyuma ya mlima, mambo yakaanza kumwingia. "Huu ni ukuta! Nimemjengea pimbi ukuta! Tembo! Mama Nyati! Njooni! Tumechezewa!"

Tembo na Mama Nyati walishuka wakiteleza. "Nilijua!" alisema Mama Nyati. "Zile kokoto zilinikera tangu siku ile!"

"Jiwe ni langu," Kifaru aliunguruma. "Nimelitoa mtoni kwa pembe yangu. Naondoka nalo!"

Namkunda akaruka mbele yake. Safari hii hakuwa anaigiza, na sauti yake ilikuwa imepasuka kweli. "Bwana Kifaru, nimekuchezea, nakubali. Nipige mimi. Lakini usilitoe. Watoto wangu wamo ndani. Nakuomba, wamo ndani!"

Pengine angesikia siku nyingine. Lakini aliyechekwa hasikii vizuri. Kifaru alipitisha pembe nyuma ya jiwe lake la juu, akavuta. Jiwe likatoka kwenye safu, gidi! Likaanguka, likaanza kubingirika. Gurr, gurr, gurr, likapita kando ya nyumba, likashuka mteremko, mpaka mtoni. Chubwi!

Pakabaki pengo.

Kwa muda mfupi haikutokea kitu. Kisha pengo likatema. Tope jekundu lilitoka kwa nguvu, bu-bu-bu-bu, likaelekea moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni. Namkunda alijirusha mlangoni akalizuia kwa kifua chake, yeye, kimnyama hicho kidogo, tope likimpanda shingoni.

Na hapo hapo kule juu ikasikika sauti. Kriiiiii. Krooooo.

"Baba watoto!" Alikuwa mke wa Kifaru. "Baba watoto we! Nyumba inatembea!"

Kifaru akatazama juu, mdomo wazi. Nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa genge lile lile. Udongo uliokuwa unatoka kwenye pengo ndio ule uliokuwa chini ya kitanda chake! Nguzo moja ilikuwa imeshaning'inia hewani. Sufuria zilikuwa zinatoka jikoni kwake moja moja, kwa foleni, zikishuka kama zinakwenda harusini.

"Mama yangu!" alisema Kifaru, na safari hii haikuwa kwa raha. "Nifanye nini? Namkunda, nifanye nini?"

"Ziba!" Namkunda alipiga kelele kutoka kwenye tope.

"Nizibe na nini?"

"Una kitu gani kipana kuliko vyote?"

Kifaru alifikiri. Kisha akageuka, akainua mkia, akarudi kinyumenyume kwa kasi, na akakaa ndani ya pengo.

Fwaap!

Tope likakoma.

Ikabaki mvua tu, shaaaa. Tembo alimtazama Kifaru, amekaa ndani ya ukuta, jiwe kulia, jiwe kushoto, pembe inatazama mbele kama bomba la paa. Mkonga wa Tembo ulianza kutikisika. Akajaribu kujizuia, akashindwa. Akacheka! Alicheka hadi akakaa chini kwenye matope, pwata! Mama Nyati naye alicheka huku machozi yakichanganyika na mvua. Kutoka chini ya kikapu kikasikika kicheko kingine chembamba. Na Kifaru mwenyewe, aliponguruma awanyamazishe, ngurumo ikamgeukia mdomoni ikawa kicheko.

"Usicheke, Bwana Kifaru!" Namkunda alimkanya akijitoa kwenye tope. "Ukicheka unatikisika, na ukitikisika linavuja!"

Kifaru akajikaza. Mashavu yake yakavimba.

"Linasukuma," alisema kwa woga. "Mgongoni. Lina nguvu jamani."

"Kwa sababu umekaa wima." Namkunda alipanda juu ya goti lake, akapanda tumbo, akasimama juu ya pua yake, tope likimdondoka ndevuni. Kila mkubwa pale alimsikiliza, hata mvua ilionekana kama inasikiliza. "Mjomba Tembo, mtoni! Lilete lile jiwe. Mama Nyati, kokoto, haraka, zijaze pembeni yake maji yapate pa kupita. Kiondo! Toka chini ya kikapu, washike watoto."

"Sawa, fundi," alisema Tembo, akaondoka mbio.

"Sawa, fundi," alisema Mama Nyati.

"Na mimi?" Kifaru aliuliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Alikuwa hathubutu kugeuza shingo. "Na mimi, fundi? Nikaeje?"

"Wewe ni ukuta, Bwana Kifaru. Kaa kama ukuta. Laza mgongo wako kwenye mlima. Zaidi. Zaidi kidogo. Hivyo!"

Kifaru akalaza mgongo. Kule juu nyumba yake ikaacha kulia. Huku chini, ndani ya nyumba ya mwisho kabisa ya Mteremkoni, watoto wa pimbi walikuwa wanakunywa uji wakiwa wakavu, wakishindana nani aone kwanza kwato za Kifaru dirishani. Naye Kifaru, mkubwa yule, akashinda pale kwenye mvua bila hata kukohoa, mpaka jiwe liliporudi.

Na funzo ni hili, watoto: mkikaa mlima mmoja, udongo unaomtisha jirani wa chini ndio huo huo ulioibeba nyumba ya jirani wa juu.